Raudha na Vigae vya Jini Kaidani

Alitawala katika mji wa Marmari, wenye kuta nyeupe na mabustani ya makomamanga, Sultani Ghalibu bin Sarhani, na alikuwa mtu wa enzi na haiba na ukali wake, na Mwenyezi Mungu alimruzuku watoto wawili: Tamimu, mwana wa kiume, mwepesi wa kusema kuliko kufikiri, na Raudha, binti mwenye akili kali na kiburi cha kuwatosha masultani watatu. Msimlaumu kwa kiburi hicho, maana mimi ninayesimulia nampenda nacho.

Tangu alipovunja ungo Raudha alitawishwa ghorofani, kama walivyotawishwa mabinti wote wa nasaba ile, na dirisha lake lilikuwa la mbao zilizopishana, na mlango wake wa msaji ulichongwa maua kuanzia juu hadi chini. Wageni wa kike walipokuja kumwamkia aliwaambia, “Mimi hata jua huomba ruhusa kunitazama,” nao wakasema mashaallah na wakarudi makwao na kijicho. Wala hakumwambia mtu kwamba kila asubuhi alipitisha kidole katika matundu ya dirisha lile, moja baada ya jingine, kutazama kama lipo lililopanuka.

Siku moja Tamimu alikuwa akipekua hazina ya baba yake, akauona mtungi wa shaba uliozibwa kwa risasi, akauchukua hadi barazani mbele ya mawaziri na akaubandua muhuri kwa jambia. Ukatoka moshi, na moshi ukawa jini, na kichwa cha jini kikagusa dari.

“Mimi ni Kaidani,” akasema, “niliyefungwa humu kabla ya mji huu kupata jina. Na wewe kijana sina shukrani nawe, kwa kuwa ulifungua ukitafuta dhahabu, hukunitafuta mimi.”

Akapunga mkono, na ukuta wa baraza ukajaa vigae vyenye picha. Upande wa kushoto palikuwa na yai, na kasha la chuma, na chungu kilichobandikwa mfuniko kwa unga, na chaza aliyefumba, na komamanga zima. Upande wa kulia palikuwa na kikombe, na zumari, na kiota cha ndege, na kiatu, na boga lililotobolewa na panya.

“Nimevipanga kwa sababu moja,” akasema Kaidani. “Atakayeitaja, naapa kwa muhuri wa Nabii Suleimani, nitakuwa mtumishi wake. Atakayekosea ataingia ukutani awe picha, na ikiadhiniwa alasiri kabla hajakombolewa kwa jibu la kweli, rangi yake itakauka, asitoke milele.”

“Kumbe rahisi!” akasema Tamimu. “Vya kushoto ni vya mviringo!”

“Na kasha je? Na kiota kile cha kulia, hakina mviringo?”

Tamimu akafumbua mdomo ajibu. Akawa kigae, katikati ya ukuta, mdomo wazi.

Kilio kikapanda hadi ghorofani, na Raudha akaupata mkasa wote kupitia mlangoni kwa yaya wake, Mwana Shali, aliyekuwa akihema kwa kukimbia ngazi.

“Yaya, fungua.”

“Bibi yangu, Bwana Sultani ataniua.”

“Baba atakuua kesho, akikumbuka. Mimi nitakutia adabu leo. Fungua!”

Mwana Shali akaliinua komeo, na Raudha akajitanda ukaya wa hariri na akashuka hadi barazani, na walinzi wakampisha kwa kuwa hapana aliyejua afanye nini. Sultani Ghalibu alikuwa ameketi chini, kilemba mkononi. Alipomwona bintiye alisahau hata msiba, akapaza sauti:

“Raudha! Umetokaje?”

Neno lile likamwingia Raudha moyoni na likakaa. Umetokaje. Akauelekea ukuta, na badala ya kuvitazama vigae akamtazama kwanza aliyevipanga, akaiona mikono ya jini ikipapasa hewa pande zote, kama mtu asiyeamini kwamba kuta za mtungi hazipo tena. Mikono ile aliijua. Ilikuwa yake mwenyewe dirishani.

“Ewe Kaidani,” akasema, “aliyekaa kifungoni kila kitu hukiuliza swali moja: ningekuwa humu, ningetokaje? Vya kulia vina pa kutokea. Vya kushoto havina.”

Jini akainamisha kichwa, lakini naye alikuwa na kiburi chake.

“Sababu umeitaja. Sasa panga na wewe, nijue hukubahatisha.” Akamkabidhi kigae kipya, na juu yake palichorwa chumba cha ghorofani, na msichana ndani, na mlango wa msaji uliochongwa maua.

“Kulia!” wakapiga kelele mawaziri. “Mlango si ule pale!”

“Mwanangu,” akanong’ona Sultani, “weka kulia. Usituaibishe.”

Raudha akakishika kigae kile wala hakukiweka upesi, kwa kuwa miaka yote alijiita malkia wa ghorofa, na sasa ilimpasa kutamka mbele ya wanaume wote wa Marmari kwamba alikuwa mfungwa. Ilimuuma kuliko kifo. Akamtazama ndugu yake ukutani, na mdomo wake ule wazi, na nje muadhini alikuwa akipanda mnara.

“Mlango upo,” akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. “Komeo liko nje.”

Akakiweka kushoto.

Tamimu akadondoka sakafuni akisema bado, “vya mviringo,” na Kaidani akapiga magoti: “Bibi yangu, amuru.”

“Mrudishe mtunguni, Binti Sultani!” akasema waziri mkuu, na muhuri wa risasi alikwisha kuuokota.

“Nani? Huyu?” akasema Raudha. “Huyu ni wa kulia, na atabaki kulia.” Kisha akamgeukia baba yake. “Naweza kumwamuru jini aling’oe komeo langu kwa kufumba na kufumbua, baba. Lakini sitaki. Nataka uling’oe wewe.”

Sultani Ghalibu akainuka sakafuni. Kisha akavaa kilemba chake, akazipanda ngazi mwenyewe bila mtumwa wala mlinzi, na watu wakasikia misumari ikilia. Aliporudi vidole vilikuwa vinatoka damu, na komeo lilikuwa mkononi, na alilia bila kujificha.

Kaidani akamletea bibi yake lulu na hariri hata hazina ikakosa nafasi, na waposaji wakaja kwa misafara, na Raudha akawaonyesha kila mmoja picha ya msichana yule. Wengine walisifu uzuri wake, wengine maua ya mlango. Amiri Nufaili wa Sihabu peke yake ndiye aliyeuliza, “Komeo liko upande gani?” Raudha akaolewa naye, na harusi yao Marmari wanajigamba nayo hadi kesho.

Na funzo langu, enyi mlionisikiliza, ni hili: ukitaka kujua kwa nini mtu amepanga mambo yake alivyoyapanga, uliza kwanza alifungiwa wapi. Kigae kile Raudha alikihamisha kwa mkono wake, asubuhi ya harusi. Kiko kulia.