Saa za Ziada za Mwatumu

Mwatumu alioka mikate katika kiwanda cha Bwana Shekilindi huko Tanga, na kila siku alibakizwa kazini mpaka usiku bila malipo ya ziada. Alipodai haki yake, tajiri alicheka.

"Nani amekuona? Nenda kashtaki. Wakili atakula zaidi ya hicho unachodai."

"Nimekuelewa, bosi," alisema Mwatumu, akarudi kwenye tanuri.

Wiki iliyofuata alimleta mama mmoja aliyejipamba kwa dhahabu.

"Bosi, Bi Nasra anatafuta mikate ya harusi, ila anahofia tutamchelewesha."

"Sisi tuchelewe?" alisema Shekilindi. "Mama, huyu Mwatumu huoka mpaka saa nne usiku, mwaka mzima sasa. Wala simlipi senti ya ziada, ndiyo maana bei yangu ni nafuu."

"Ahsante," alisema Bi Nasra. "Mimi ni katibu wa chama cha wafanyakazi. Kwa msuluhishi wa kazi hatuhitaji wakili wala ada. Tulikosa shahidi tu, na sasa nimesikia mwenyewe."

Shekilindi alilipa kabla ya Ijumaa. Akimkabidhi Mwatumu fedha zake, aliuliza kwa unyonge, "Kumbe harusi haikuwepo?"

"Ipo, bosi. Ni yangu. Ila mikate tumeagiza kwingine."