Nyumba Isiyo na Ubao

Hapo zamani, katika mji wa Shungi, palikuwa na Sultani aliyependa mji wake usifiwe kuliko alivyopenda wali wa nazi, na wali wa nazi alikuwa hauachi. Siku moja alitembelewa na Sultani wa ng'ambo, wakapita pamoja mitaani, na kila baada ya nyumba mbili tatu mgeni akawa anaona ubao: "Chumba kinapangishwa." Mgeni akacheka, akauliza, "Je, ndugu yangu, watu wako wamekukimbia?"

Basi Sultani akaingiwa na fedheha hata chakula kikamshinda. Kesho yake mbiu ikapigwa mji mzima: ni marufuku mtu kutundika ubao wa kutangaza chumba kitupu, atakayetundika, nyumba yake itatwaliwa.

Mtaa wa Mkunguni alikaa mjane aitwaye Bi Mize, mwenye nyumba ya vyumba viwili. Kimoja alikilalia, cha pili alikipangisha, na hicho ndicho kilichomlisha. Kwa bahati mbaya mpangaji wake alihama wiki ileile ya mbiu. Barazani pake alilala Faki Makame, kapuku asiye na kofia ya kubadilisha, ambaye watu walimwita mpumbavu kwa kuwa kila aliloagizwa alilifanya vilevile, bila kuzidisha wala kupunguza. Bi Mize alimpa uji kila asubuhi.

Siku ya kumi uji ukaja mwepesi kama maji ya kunawia. Bi Mize akasema, "Unga ndio umekwisha huo, mwanangu. Wageni wanapita hapa mlangoni na mizigo yao, hawajui kama nina chumba. Nikinyamaza, nitakufa njaa. Nikitundika ubao, nitanyang'anywa nyumba aliyoniachia marehemu." Akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Faki akaona uchungu, akaweka bakuli la uji chini.

"Bi Mize, Sultani amekataza kutangaza vyumba vitupu, sivyo?"

"Ndivyo."

"Na vilivyojaa je?"

"Nitokee hapa! Nani atangaze chumba kilichojaa?"

Faki akachukua mkaa jikoni, akaenda kwa majirani. Nao walikuwa wamechoka hoi, maana tangu vibao viondolewe, wageni walikuwa wakibisha hodi kila mlango, mtu yuko maliwatoni, mtu ana tonge mkononi. Faki akawaandikia vibao: "Hapa pana wenyewe." Wakavipokea kwa shangwe. Jioni yake mtaa mzima ulikuwa na vibao, isipokuwa nyumba ya Bi Mize.

"Na mimi je?" mjane akauliza.

"Wewe tii amri, Bi Mize. Usitundike kitu."

Asubuhi akaja mshona magodoro na sindano zake, akatazama mtaa huku na huku, akaenda moja kwa moja kwa Bi Mize, akapanga. Siku hiyo uji ulikuwa mzito, na Faki akamwandikia Bi Mize naye ubao wake.

Ikawa mitaa mingine nayo ikaiga. Chumba kikipata mtu, ubao hupanda. Mwezi haukwisha, mji mzima ikabaki nyumba moja tu isiyo na ubao, nayo kubwa, yenye baraza pana na kisima ndani. Nyumba hiyo ni jumba la Sultani.

Basi wageni wakamiminika langoni na mikeka na vyungu. "Hodi! Choo kiko ndani au uani?" "Kuku mnaruhusu?" Walinzi wakafukuza hawa, wakaja wale. Sultani akauliza ni nani aliyeanza mambo haya, na Faki akaletwa mbele yake barazani amefungwa kamba, Bi Mize akifuata nyuma.

"Ewe kapuku! Umeivunja amri yangu. Nyumba ya huyu mjane naitwaa leo."

"Maulana," akanena Faki, "nitajie mtu mmoja aliyetangaza chumba kitupu. Wote wametii. Tena aliyetii kupita wote ni Maulana mwenyewe, ubao wowote hana."

"Unataka mimi, Sultani, niandike mlangoni kwamba ninakaa kwangu?"

Mama mmoja mwenye beseni kichwani alikuwa amewaponyoka walinzi, akaingia mpaka barazani, akapima ukuta kwa shubiri zake, akaridhika. Kisha akamgeukia Waziri aliyesimama kando ya Sultani, kwa adabu zote: "Samahani, baba. Huyo bwana aliyeketi kitini, anahama lini?"

Waziri akatazama dari. Sultani uso ukamwiva, mabega yakaanza kumtikisika, akacheka hata kilemba kikamwanguka.

"Mfungueni," akasema alipopata pumzi. "Bi Mize, nyumba yako ni yako. Na mbiu ipigwe upya: mwenye chumba kitupu atundike ubao, usizidi upana wa kiganja, na siku akipata mtu auondoe. Hivyo vingine vyote ving'olewe, nipumzike. Nawe Faki, kwa werevu wako, nakupa chumba humu jumbani, ukae bure maisha yako yote."

Faki akatazama dari, akatazama kisima, akatazama walinzi waliomfunga kamba.

"Ahsante, Maulana," akasema, "ila kwanza niwaulize majirani, mwenye nyumba yukoje."