Mlango wa Vuai Uliowekwa Rehani

Hapo zamani, katika mji wa sultani mmoja na makarani mia, palikuwa na fukara jina lake Vuai, msuka makuti. Alidaiwa na hazina riale tatu, kodi ya minazi miwili; na mmoja ulikuwa umekufa mwaka wa tatu huo, ila daftarini ulikuwa ungali ukizaa.

Basi ikatoka amri: kila mdaiwa wa serikali ang'olewe mlango, ukawekwe rehani uwanjani mwa jumba la Sultani mpaka alipe. Mlango wa Vuai ukaenda. Mkewe Mize, mimba yake ya miezi minane na masika yamekaribia, akalitazama lile tundu. "Mume wangu, nitajifungulia njiani?"

Ikawa wadaiwa wengine, wakiwa hawana tena cha kufunga, walihama mji. Makarani wakatoa amri ya pili: mdaiwa asibanduke mlangoni pake mpaka alipe, atakayebanduka, viboko arobaini.

Vuai akamwuliza mpiga mbiu, "Mlangoni pake, ndivyo ilivyoandikwa?"

"Ndivyo."

"Na muhuri upo?"

"Upo."

"Mize, funga virago."

Wakaenda uwanjani mwa jumba. Vuai akautambua mlango wake kwa komeo lake bovu, akatandika mkeka mbele yake. Mize akainjika chungu. Askari akaja. "Wee, toka hapa."

"Nikitoka nitachapwa. Au viboko vyangu utavipokea wewe?"

Askari akaenda kumwuliza karani, karani akaenda kusoma.

Kufika alasiri kila mdaiwa yu mlangoni pake, na watoto, na kuku. Na desturi ya jumba lile tangu enzi za mababu ni kuwa alalaye ndani ya ukuta wake ni mgeni wa Sultani, naye hulishwa. Siku ya tatu mpishi akaleta habari kuwa mchele umekwisha.

Sultani akashuka. "Vuai, nini hii?"

"Utii, Mawlana. Amri ya kwanza ilileta mlango, ya pili ikanileta mimi."

"Nawadai, nanyi mwala pilau yangu?"

"Ya jana ilipungua chumvi, Mawlana. Hatukusema, sisi ni wadaiwa."

Sultani alitaka kukasirika, kicheko kikamshinda. Hesabu ikapigwa, pilau ikaonekana imezidi madeni yote. Akayafuta, akaamuru askari wairudishe milango waliyoing'oa. Watu wakaondoka, Vuai hakuinuka.

"Wangoja nini tena?"

"Nangoja mnazi wangu ufe daftarini."

Karani akaletwa, akaufisha kwa kalamu.

Mvua ya kwanza iliponyesha, Mize alijifungua nyuma ya mlango uliofungwa. Na siku ya saba karani alikuja kumwandika mtoto daftarini. Akabisha hodi mpaka akachoka, akarudi zake.