Bei ya Uso wa Bi Ngiri

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakilima mashamba na kupelekana kwa matabibu kama sisi, aliishi Bi Ngiri na watoto wake wanne katika pango kavu alilolichimba mwenyewe.

Bi Ngiri alikuwa na vinundu vinne usoni. Vitatu vilikuwa vya sura tu. Cha nne kiliota chini ya jicho la kushoto, kikakua hata kikaliziba. Akipalilia mtama, alikata magugu pamoja na miche. Na sokoni wenzake walikitazama kinundu kwanza, kisha ndipo wakamsalimu. Akachoka.

Basi akasikia kwamba Fisi amefungua nyumba ya kupasua na kurekebisha sura. Akaenda. Mlangoni paliandikwa: USO LAINI, VIKAPU VITANO VYA MTAMA. Bi Ngiri akasema hana vitano. Fisi akacheka, kwi kwi kwi, akamwambia asihangaike. Rafiki yake Chui atamlipia, naye atarudisha kikapu kimoja kila mwezi, polepole. Ila aweke pango lake rehani. Akishindwa mwezi mmoja, pango ni la Chui.

Bi Ngiri alirudi akiimba, akamsimulia jirani yake Nguchiro. Nguchiro hakumcheka kwa kutaka uso mpya. Alimwuliza tu dawa ya usingizi inalipiwa na nani, na kitanda, na bandeji, na je, atarudisha vikapu kwa miezi mingapi?

"Sijui, shoga. Nilimwuliza bei, akaniambia vitano."

"Amekwambia bei ya kisu," akasema Nguchiro. "Bei ya kupona hajakwambia."

 Bi Ngiri akauliza angewezaje kumhoji Fisi, mwenye meno yale. Nguchiro akamwambia aende kesho kama walivyopatana, ila asitie alama ya kwato popote mpaka amwone yeye.

Asubuhi Nguchiro akapita kwa Chui. Akamsalimu kwa adabu, akamzunguka mara mbili, akaguna. Chui akauliza kuna nini. Nguchiro akasema madoa ya ubavuni yameanza kupauka, na ni aibu mtu anayelipia sura za wenzake aonekane hivyo, hali rafiki yake ni fundi. Chui akajitazama. Hakuyaona vizuri, na hilo likamtia wasiwasi zaidi. Wakaondoka pamoja kwenda kwa Fisi.

Walimkuta Bi Ngiri amekaa kwenye mkeka na wagonjwa wengine, gome la mti lililoandikwa mkataba liko mbele yake. Chui akaeleza haja yake, akasema vikapu vitano anavyo. Fisi akaitikia upesi.

"Tabibu," akasema Nguchiro kwa sauti ya upole, "Bwana Chui si mtu wa kushtukizwa na deni. Mwambie atalipa nini mpaka siku atakapopona."

 Kumficha ngiri ni jambo moja. Kumficha chui ni jambo jingine. Fisi akaanza kutaja kidogo kidogo: vitano vya kupasua, viwili vya dawa ya usingizi, kimoja cha bandeji, viwili vya kitanda.

"Hivyo ni kumi," akasema Chui. "Na wateja ninaokuletea, wote unawatoza kumi?"

"Wote."

"Na mimi, tuliyepatana tugawane faida, ukanigawia ya vitano tu?"

Fisi akainama. Chui akanguruma, nyumba ikatetemeka, akamwita mwizi. Akawageukia wagonjwa ili wamwone yeye ndiye mwaminifu. "Mimi sifichi kitu. Nikikopesha vitano, narudishiwa vinane. Basi!"

 Hakuna aliyewahi kuambiwa vinane. Bi Ngiri akapiga hesabu kwa kidole cha kwato: akikopa kumi, atarudisha kumi na sita. Miezi kumi na sita, na watoto wanne wanakula mtama huohuo.

Akasimama. Akalisukuma lile gome kando.

"Pango langu siliweki rehani," akasema. "Uso wangu utasubiri mavuno."

Wagonjwa wengine wakainuka mmoja mmoja, wakamfuata nje, na nyuma yao Chui na Fisi wakabaki wakishikana mashati.

Mavuno yalipokuja, Bi Ngiri alirudi kwa Fisi na mtama wake mwenyewe. Akasema anataka kinundu kimoja tu kiondolewe, kile kinachoziba jicho, na akataka bei yote itajwe mbele ya Nguchiro: kisu, usingizi, bandeji, kitanda, na kurudiwa bure kidonda kikiharibika. Wakabishana hadi jua la saa sita, wakakubaliana vikapu vitatu. Akalipa, akapona.

Vile vinundu vitatu vya sura aliamua kukaa navyo, na msimu uliofuata hakukata mche hata mmoja.

Wanangu, kabla hamjalala chini ya kisu, ijueni bei ya kupona na bei ya kukopa.