Figo Aliyoahidiwa Nzivo

Mtu akiumwa na kitu gizani, kwanza hutazama mlangoni aone nani ameingia. Ni wachache wanaokung'uta nguo walizovaa. Hiyo ndiyo maana ya methali kikulacho ki nguoni mwako, nayo ilimfika Matheka, mchonga vinyago wa mtaa wa Tena.

Mdogo wake, Nzivo, aliyeishi mtaa wa Huruma, alikuwa ameharibikiwa na figo zote mbili, akawa anaishi kwa mashine ya kusafisha damu. Matheka aliahidi mbele ya ukoo kwamba atampa figo moja. Alikuwa na kifua kipana kama mlango wa kanisa, na hakuna aliyemtilia shaka. Lakini damu yake ilipopimwa, ilirudi na habari mbaya: figo zake mwenyewe zilikuwa zimechoka. Daktari Nerima alimuuliza kama kuna dawa anayotumia. Akajibu kwa majivuno kwamba yeye na dawa hawajuani.

Alidai damu yake imechanganywa na ya mtu mwingine. Ilipopimwa tena, jibu likawa lile lile. Akalaumu vanishi ya kazini, kisha maji ya mfereji, na mwishowe akaanza kunong'ona kuhusu jirani mmoja wa Nzivo mwenye jicho baya. Wakati huo Nzivo alikuwa akiyeyuka kama mshumaa. Syombua, mke wa Nzivo, alivumilia hadi uvumilivu ukamwishia.

"Shemeji," alimwambia kwa sauti ya chini, "kama unaogopa kisu, sema tu. Usituletee hadithi za wachawi."

Maneno hayo yalimchoma Matheka kama patasi iliyoteleza.

Jumamosi hiyo, mkewe Muthoki alichukua koti lake la kazini ili alifue. Mfukoni akakuta karatasi za vidonge, nyingi zikiwa tupu. Hakugomba. Siku ya kliniki ilipofika, aliandamana na mumewe hadi kwa daktari, akazimwaga zote mezani.

"Mzee, si ulisema hutumii dawa?" Daktari Nerima akauliza.

"Hizo si dawa, daktari," Matheka akajibu, wala hakuwa akidanganya. "Ni za maumivu tu. Mikono inaniuma kwa kuchonga. Huzinunua kioski pamoja na maziwa."

Daktari akamweleza kwamba vidonge vile, vikimezwa kila siku mwaka baada ya mwaka, vinaweza kupunguza damu inayofika kwenye figo na kuziumiza. Hilo ndilo jambo ambalo kipimo kilikuwa kikisema tangu mwanzo. Akamwambia aviache. Matheka aliviacha, na mikono ikamuuma hadi patasi ikamshinda. Alipopimwa baadaye, figo zilikuwa zimepata nafuu, lakini nafuu ya kumtosha yeye, si ya kugawana.

Alikwenda mwenyewe kumweleza Nzivo, aliyekuwa amelala kando ya mashine. Hakuficha kitu. Syombua aligeukia ukuta. Nzivo akatabasamu kwa shida.

"Kaka, ulimtafuta mchawi Huruma nzima, kumbe ulitembea naye mfukoni."

Matheka alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Akaushika mkono wa ndugu yake, mkono ambao sasa hakuwa na cha kuupa. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.