Ufunguo wa Fremu ya Gongoni

Hapo zamani, kabla Gongoni haijaona lami, Bwana Malekela alinunua huko nyumba ya vyumba sita ili apangishe, na mbele yake fremu, kijichumba cha duka. Wenzake kazini walimcheka. Vibaka wa Gongoni hawakuhangaika na redio wala sufuria, waling'oa milango. Wiki ya kwanza wakaondoka nayo yote sita. Nyumba ikakaa mwaka mzima bila mpangaji.

Malekela akatangaza: "Atakayenijazia nyumba hii, fremu ya barabarani ni yake, bure, maisha yake yote."

Akaja Chausiku, msusi, mjane wa watoto wawili, aliyefukuzwa kila baraza alikosukia. Akatundika kanga penye mlango, akahamia. Kila aliyesukwa pale alirudi kwao na habari: nyumba ile inakaliwa.

Akaja Sikudhani, muuza chapati wa jirani. Vijana wa kijiweni, wale wale wang'oa milango, walipofika kula, akafunika sufuria.

"Milango ya watu irudi kwanza."

"Dada, sisi ndio wateja wako."

"Basi kaleni hiyo milango."

Siku nne hakuuza kitu. Maharage yakachacha, akamwaga.

Siku ya tano akaja Pazi, mmoja wa vijana hao, mlango kichwani. Akarudisha yote sita. Wenzake wakamvunja mkono kwa usaliti, naye hakukimbia. Akakaa kibarazani akilinda, wizi ukakoma.

Mwezi haukuisha, vyumba vikajaa. Malekela akaja na ufunguo wa fremu.

"Ni wangu," akasema Chausiku. "Nimelala na wanangu nyuma ya kanga, nyinyi wote mna milango."

"Ungelala na kanga mpaka leo," akasema Sikudhani. "Nani apange nyumba isiyofungwa? Milango ilirudishwa na njaa niliyowapa mimi."

"Njaa haikubeba mlango," akasema Pazi. "Nilibeba mimi, na mkono huu haunyooki tena."

"Si ndiwe uliyeiba?" akasema Chausiku. "Tukupe zawadi ya kurudisha?"

"Shangazi, kuiba tuliiba wengi. Aliyerudisha ni nani mwingine?"

Malekela akakuna kichwa. Akasema labda fremu ampangishe mtu wa duka la dawa aliyekuja na kodi, maana aliyethubutu kununua nyumba ni yeye Malekela mwenyewe. Akaanza kuurudisha ufunguo mfukoni. Chausiku akamdaka mkono.

Na mtu asiniambie wagawane. Fremu ile inatosha meza moja na kiti kimoja. Ninyi mliosikia, ufunguo huo alistahili nani?