Ng'ombe wa Mzee Kajiru

Hapo zamani, huko milima ya Upare, aliishi mfinyanzi mmoja mjane, jina lake Namsifu. Sikilizeni yaliyompata, kisha mpime wenyewe.

Jirani yake, Mzee Kajiru, aliugua ugonjwa wa kufisha. Nyumbani alikuwa na mwana mmoja, Kadege. Lakini alikuwa pia na binti wa nje, Nakiete, aliyelelewa na mama yake kule bondeni, na ambaye jina lake halikutajwa mbele ya Kadege. Mzee alitaka shamba lake la mferejini ligawanywe nusu kwa nusu kati ya watoto hao wawili. Nani angeligawa akishazikwa? Akamwomba mdogo wake, Sekiete. Sekiete alifikiri siku mbili, akakataa.

"Kaka, namwogopa Kadege," alisema. "Nikikubali nitakudanganya ungali hai. Mwite Namsifu. Hana cha kurithi kwako, wala hayumbishwi."

Namsifu akaitwa. Mbele ya mashahidi wawili mzee akamwambia, "Mama Mbazi, sikupi mali, nakupa kazi. Linda shamba na mifugo yangu visiguswe, kisha ugawe nilivyosema mimi, hata kama wewe ungegawa vingine." Akaongeza kwamba ng'ombe wake wa maziwa apewe mtu atakayetimiza wosia huo mpaka Nakiete akanyage shamba lake.

 Binti wa Namsifu, Mbazi, alikuwa amechumbiwa na Kadege, na pombe ya posa ilikwisha kunywewa. Alijua anachoombwa. Akakubali.

Mzee akafa. Matanga yalipokwisha, Namsifu aliita ukoo, mashahidi wakautaja wosia. Kadege akasema yeye hana dada. Alitaka kulima shamba lote, Namsifu akakataa. Alitaka kuuza mbuzi, Namsifu akakataa. Mwishowe alimfuata nyumbani, akamwambia kwa upole achague: wosia au ndoa ya binti yake. Mbazi alikuwa akikanda udongo pembeni. Mikono yake ikasimama.

"Maneno ya baba yako si yangu kuyabadili," Namsifu alisema.

Uchumba ukavunjika siku ile ile. Masika nzima Mbazi hakusema na mama yake.

Namsifu alituma ujumbe bondeni mara tatu. Mara ya tatu Nakiete alijibu: atapanda mlimani siku ya gulio, apokelewe mtoni. Siku hiyo Namsifu aliamka na homa, hata kusimama hakuweza. Angeweza kumtuma mtu, ila hakumwamini yeyote. Hata binti yake hakumwomba.

Nakiete alingoja mtoni mpaka jua la utosi. Hakuona mtu, akageuka kurudi. Njiani alikutana na Kadege akitoka gulioni. Kadege aliona kwake paji la uso la baba yake, akatambua ni nani. Angepita kimya, na shamba lote lingebaki lake. Alisimama pale muda mrefu. Kisha akamuuliza jina, akampokea mzigo, akampeleka mpaka shambani, na kwa mkono wake mwenyewe akapanda miche ya masale kuonyesha mpaka wa nusu yake.

Ukoo ukakutana kwa ajili ya ng'ombe. Sekiete alisema kwamba bila yeye kusema kweli kuhusu woga wake, wosia ungeangukia mikononi mwake na kufa. Wengine walimtetea Kadege: yeye ndiye aliyemfikisha binti, tena kwa hasara yake. Wengine wakawauliza, ni nani aliyemzuia Kadege mpaka moyo wake ukapata nafasi ya kugeuka?

Namsifu hakudai kitu. Walipomlazimisha aseme, alisema, "Nilisimama mpaka miguu ikakataa." Mbazi, aliyekaa nyuma ya wanawake, alifunika uso kwa kanga.

Wazee wakashindwa kuamua. Wakampa Nakiete kamba ya ng'ombe, wakamwambia amkabidhi anayestahili. Akasimama katikati yao, akiwatazama mmoja mmoja.

Nanyi mnaonisikiliza, kamba hiyo ingekuwa mikononi mwenu, je, mngemkabidhi nani?